Ufito wa Mlango wa Gari: Kuubandua, Kusafisha na Kuubandika Upya

Ufito wa mlango wa gari ukianza kubanduka, wazo la kwanza la mwenye gari ni gundi. Anapita dukani, ananunua kile kichupa kidogo cha gundi inayokauka papo hapo, anatia matone mawili matatu, anakandamiza kwa dole gumba, kisha huyo anaendelea na shughuli zake. Wiki chache za jua na mvua, ncha ya ufito imeinuka tena, na sasa rangi ya mlango ina ukoko mweupe mgumu usiotoka hata kwa kucha. Lawama zote zinaiendea gundi: feki ile. Lakini mara nyingi gundi haikuwa na kosa. Ilishika vizuri tu, ila ilichokishika ni vumbi, nta ya kuoshea gari na masalia ya tepu ya zamani. Vitu hivyo vilipoachia, ufito ukaondoka navyo.

Kwa hiyo usishangae kuona sehemu kubwa ya makala haya inahusu kusafisha. Kubandika kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Na ni kazi ya kufanyika nyumbani kabisa, kivulini, kwa vifaa vinavyoenea kwenye ndoo moja. Fundi wa gereji mwenye foleni ya wateja ataimaliza kwa robo saa, na hapo ndipo penye tatizo, maana robo saa haitoshi hata kuukausha mlango uliooshwa.

Kwanza jua ulichonacho mlangoni

Nje ya mlango wa gari kuna vitu vya aina tofauti, na kila kimoja kina namna yake ya kushikiliwa. Kuna fito za ubavuni, zile za plastiki zinazopita katikati ya mlango ili mlango wa gari la jirani ukifunguliwa vibaya kwenye maegesho, ugonge plastiki na sio rangi. Hizi kwa kawaida hushikwa na tepu ya pande mbili, na nyingine huongezewa klipu moja au mbili kwenye ncha. Kuna vaiza za mvua juu ya madirisha, ambazo nazo hushikwa na tepu hiyo hiyo. Kuna plastiki nyeusi za kwenye nguzo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Magari yaliyoinuka nayo yana plastiki pana za chini ya mlango, zinazoshikwa na safu ya klipu na pengine nati zinazofungiwa kwa ndani.

Halafu kuna mpira wa kioo, ule mkanda mweusi unaolala chini ya dirisha kwa nje, kioo kinapozama mlangoni. Huu tutaurudia baadaye peke yake. Hizo nyingine ukizipoteza, gari linapungua sura tu. Mpira wa kioo una kazi ya kila siku: unafuta maji na mchanga kwenye kioo kabla hakijashuka ndani ya mlango.

Magari mengi yanayotembea Tanzania na Kenya yaliingia yakiwa yameshatumika Japani, kwa hiyo fito zake zilikuwa na umri wake kabla hazijaonja jua la Dodoma. Jua ndilo adui mkuu. Mionzi yake hukausha plastiki nyeusi hadi ikawa na rangi ya majivu, ikaivunja mipira ikapasuka pasuka, na tepu ikapoteza ule ulaini unaoifanya ishike. Adui wa pili ni mashine ya presha ya waosha magari. Maji yale yakielekezwa kwenye ukingo wa ufito kutoka karibu, huingia chini na kuuinua. Mwambie kijana anayekuoshea asimame mbali kidogo na aelekeze maji kutoka juu kwenda chini.

Kununua bila kurudi dukani mara ya pili

Ukienda Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road ukiwa Nairobi, swali la kwanza litakuwa: “Kaka, ya dereva au ya abiria?” Ni swali zuri, ila kwenye boksi la kifaa hutaona maneno hayo. Utaona RH na LH, yaani kulia na kushoto, na vinahesabiwa kwa mtu aliyeketi kwenye usukani akitazama mbele. Anayesimama mbele ya gari akilitazama usoni atanunua kinyume, na wapo wengi.

Kwa Toyota, namba ya kifaa inasaidia kuliko maelezo ya mdomo. Tarakimu tano za kwanza zinataja aina ya kifaa, na zinazofuata zinataja gari. Mpira wa nje wa kioo cha mlango wa mbele huanza na 75710 kwa kulia na 75720 kwa kushoto, na ya milango ya nyuma ni 75730 na 75740. Muuzaji makini ataitafuta namba kamili kwa kutumia namba ya chesisi, kwa hiyo ipige picha kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani. Majina ya biashara yanadanganya. Gari lenye jina moja linaweza kuwa na vizazi viwili au vitatu ambavyo milango yake haifanani hata kidogo.

Kama ufito wako una rangi ya gari, tafuta pia msimbo wa rangi. Kwenye Toyota nyingi kuna kibati chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, na pembeni ya maandishi C/TR ndipo penye msimbo: 040 ni nyeupe, 1F7 ni fedha, 202 ni nyeusi. Mchanganya rangi akipewa msimbo huo anaanzia mahali pa uhakika, ingawa gari lililopigwa jua miaka kumi litahitaji jicho lake pia.

Spea za mtumba, ziwe zimetoka Japani moja kwa moja au zimepitia Sharjah, mara nyingi zina plastiki bora kuliko mpya za bei ya chini. Angalia mgongoni: “Naomba nione kwa nyuma, kaka.” Unatafuta vitu viwili. Cha kwanza ni vishikio vya klipu, kama bado ni vizima. Vikivunjika havina dawa. Cha pili ni herufi ndogo zilizochorwa kwenye plastiki yenyewe katikati ya alama mbili za mshale, kwa mfano >PP< au >ABS<. Hizo zinataja aina ya plastiki, na PP, iwe peke yake au imechanganywa na kitu kingine, ina tabia ya kukataa gundi. Ikumbuke, tutaihitaji.

Na omba risiti. Fito, vaiza na saitimira ni vitu vinavyoibwa sana mjini, na kifaa kisicho na risiti kinaweza kuwa kililala jana kwenye gari la mtu wa mtaa wa pili.

Kuhusu tepu: ile nyeupe ya sponji inayouzwa maduka ya vifaa vya shule na ofisi haifai kwa gari hata kama imeandikwa maneno makubwa. Tafuta tepu ya akriliki ya magari, ambayo kwa kawaida ni ya kijivu au nyeusi na mara nyingi ngozi yake ya juu ni nyekundu. Unene wa takribani milimita 0.8 hadi 1.1 unatosha, kwa sababu sponji yake hujaza mabonde madogo yaliyopo kati ya plastiki na bati. Upana uwe mdogo kidogo kuliko mgongo wa ufito, ili isichungulie pembeni. Fito nyingi mpya za kiwandani huja na tepu yake tayari, na hiyo usiibandue kuweka nyingine.

Kubandua

Kabla ya kugusa ufito wa zamani, weka kumbukumbu ya mahali ulipo. Chukua tepu ya karatasi, ile wanayotumia mafundi wa rangi, uibandike kwenye bati moja kwa moja kufuata ukingo wa juu wa ufito, mwanzo hadi mwisho. Weka vipande vingine viwili vya kusimama kuonyesha ncha zake. Kisha weka futi ya kupimia juu ya mlango na upige picha. Mlango ukishakuwa mtupu, jicho halikumbuki kitu, na ufito uliopinda milimita tatu unaonekana kutoka ng’ambo ya barabara.

Sasa upashe joto. Mashine ya kukaushia nywele inatosha. Ishike umbali wa shibri moja, uipeleke na kuirudisha bila kusimama sehemu moja, mpaka bati liwe la moto kiasi ambacho kiganja bado kinavumilia. Tepu ikilainika, usiingize bisibisi. Bisibisi iliyoingizwa pale huacha mkwaruzo unaofika kwenye bati, na mkwaruzo huo utafichwa na ufito mpya na kugeuka kutu kimya kimya. Tumia mshipi wa kuvulia samaki. Zungusha ncha zake kwenye vidole vya mikono miwili, ukiwa umevaa glavu au umefunga kitambaa, upitishe nyuma ya ufito, kisha uvute kulia na kushoto kama unayekata kwa msumeno, ukisonga taratibu kufuata urefu wa ufito. Mshipi unakata sponji katikati bila kugusa rangi. Ukikwama, umefika kwenye klipu. Hapo ingiza kadi ya benki iliyokwisha muda wake, uitandaze chini ya ufito, na uvute klipu itoke wima. Ukiipindisha inavunjikia ndani ya tundu.

Klipu za zamani hesabu kwamba zimekufa. Nunua mpya na uongeze moja ya akiba.

Kusafisha, mahali kazi inapofia au inapofaulu

Mlangoni sasa kuna mistari ya sponji iliyochanika, na pengine utepe wa gundi wenye rangi ya kahawia. Pasha joto tena na usugue kwa dole gumba. Kubwa lote litajiviringisha na kutoka. Litakalobaki, lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa kidogo, ukilaze juu yake dakika chache, kisha ulikwangue kwa ile kadi. Thina usiiguse: inayeyusha rangi, hasa gari lililopigwa rangi upya gereji, na plastiki nyingi pia. Petroli nayo iache kwenye tangi. Mbali na mvuke wake unaoweza kulipuka kwa cheche ya hiyo mashine ya nywele, inaacha utando.

Yapo magurudumu ya raba yanayofungwa kwenye drili, na yanakula gundi ya zamani kwa kasi ya kufurahisha. Ukilipata, endesha drili polepole na usisimame sehemu moja, maana msuguano hupasha rangi hadi ikaungua.

Mafuta ya taa yenyewe ni mafuta. Wengi hukosea hapa: wanaona mlango unang’aa, wanabandika. Osha sehemu hiyo kwa maji na sabuni ya vyombo, suuza, kausha. Halafu mwagia maji safi kidogo na utazame. Maji yakitandaa yote kwa pamoja, bati ni safi. Yakijikusanya matone matone kama juu ya jani la gimbi, bado pana nta au mafuta, na unarudia kuosha.

Hatua ya mwisho ni spiriti. Inayofaa ni ile ya isopropili, ichanganywe na maji nusu kwa nusu. Soma lebo kabla ya kununua, kwa sababu baadhi ya spiriti za kusafishia ngozi na vidonda huongezwa mafuta ya nyonyo ili zisikaushe mwili. Zinafaa kwa mgonjwa, na kwa tepu ni sumu. Lowesha kitambaa cha pamba, futa kwa kuelekea upande mmoja tu, na kabla haijakauka yenyewe ifute kwa kitambaa cha pili kikavu. Ukiiacha ikauke yenyewe, uchafu iliouyeyusha unarudi pale pale. Geuza kitambaa kila unapofuta. Kisha fanya vivyo hivyo mgongoni mwa ufito, na kuanzia hapo usipaguse kwa vidole.

Yamkini utaona rangi iliyokuwa chini ya ufito imekoza kuliko iliyouzunguka. Hapajachafuka hapo, ndiyo rangi halisi ya gari lako ilivyokuwa siku linatoka kiwandani. Ufito mpya ukiwa na upana ule ule, hakuna atakayejua. Ukiwa mwembamba zaidi, paka kompaundi mlango mzima kupunguza tofauti, lakini kumbuka kompaundi ina mafuta, na spiriti inarudiwa.

Ukikuta kutu

Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Unguja: chumvi ya baharini haimwachi mtu. Maji hukaa nyuma ya ufito, hasa kuzunguka matundu ya klipu, na rangi huvimba malengelenge. Usibandike juu ya lengelenge hata moja. Lifungue, sugua kwa msasa wa 180 mpaka bati jeupe, lainisha kingo kwa 320, weka dawa ya kuzuia kutu, praima, kisha rangi. Kama msasa umetoboa upande wa pili, funga kazi na umpelekee fundi bodi, kwa sababu hiyo si kazi ya ufito tena.

Rangi mpya haipokei tepu siku hiyo hiyo, hata kama imekauka mkononi. Chini yake bado kuna thina inayotafuta njia ya kutoka, na tepu inaifungia ndani. Angalau wiki moja, na zaidi kama mvua zinanyesha. Gari linaweza kutembea bila ufito bila aibu yoyote.

Neno kuhusu silikoni, kwa kuwa mafundi wetu wanaipenda. Ile silikoni ya kawaida ya vioo na mabafu, yenye harufu kali ya siki, inatoa asidi inapokauka. Ikikutana na bati lililokwanguka, inaanzisha kutu ile ile uliyokuwa unaikimbia. Isitoshe, ikishapakwa, hakuna tepu wala rangi itakayoshika hapo mpaka masalia yake yote yaondolewe, na kuyaondoa ni adhabu.

Kubandika

Joto la bati linahesabika. Tepu za akriliki hushika vizuri kati ya nyuzi 21 na 38 hivi za Selsiasi. Njombe au Limuru mwezi wa Julai, subiri jua la mchana au pasha mlango kwanza kwa mashine ya nywele. Dar shida ni kinyume chake: bati lililokaa juani linachoma kiganja. Lipeleke gari kivulini, usubiri lipoe. Plastiki hurefuka kwa joto kuliko chuma, na ufito mrefu uliobandikwa ukiwa wa moto utataka kujikunja usiku. Kwa sababu hiyo hiyo usiuvute unapoubandika ili ufike mahali. Utarudi kwenye urefu wake polepole na kuinua ncha.

Kama mgongoni uliona PP na unaweka tepu yako mwenyewe, paka kwanza dawa ya kuandaa plastiki, ile inayouzwa kwenye vipakiti au vichupa vidogo pamoja na tepu za magari. Paka pale tepu itakapokaa tu, kwa safu nyembamba, na isubiri ikauke. Kisha laza tepu mistari miwili, mmoja karibu na ukingo wa juu na mwingine wa chini. Wa juu usikatike popote, kwa sababu ndio unaozuia maji ya mvua kuingia nyuma.

Jaribu ufito bila kubandua ngozi ya tepu. Ukae sawa na alama zako, kisha fungua mlango taratibu hadi mwisho. Angalia upande wa bawaba: mlango unapofunguka, ukingo huo huingia ndani, na ufito uliochomoza hata kidogo utakwangua fenda, au mlango wa mbele kama unaotengeneza ni wa nyuma. Acha nafasi ya milimita 3 hadi 5.

Sasa ngozi nyekundu. Usiibandue yote. Bandua sentimita tano kwa kila ncha na uzikunje zichungulie nje. Weka ufito kwenye alama, sogeza utakavyo, maana bado haujashika. Ukiridhika, kandamiza ncha moja, kisha vuta ngozi polepole kutoka chini huku mkono wa pili ukifuatia kwa kukandamiza. Ukifika mwisho, rudi mwanzo na ukandamize tena kila sehemu kwa nguvu, ukiegemeza uzito wa mwili, kwa dole gumba au mpini wa bisibisi uliofungwa kitambaa. Tepu hii haikauki kama gundi ya maji. Inatiririka taratibu kama uji mzito kupita kiasi na kujaza vinyweleo vya rangi, na kinachoisukuma ni mkono wako.

Katika joto la kawaida, baada ya dakika 20 inakuwa na nusu ya nguvu zake, baada ya saa 24 kama asilimia 90, na baada ya saa 72 zote. Siku ya kwanza gari lisioshwe. Mashine ya presha isubiri siku tatu.

Mjini utashauriwa upige riveti, wezi wasiuchukue. Nauelewa ushauri huo, na kwa saitimira sina la kusema. Kwenye bati la mlango ni hesabu mbaya: kila riveti ni tundu jipya, na ndani ya mlango hakuna rangi nzuri ya kulinda kingo za tundu hilo. Ni heri kuchora namba ya gari kwenye plastiki, mahali panapoonekana. Ufito wenye namba ya mtu hauna soko zuri.

Plastiki pana zenye nati za ndani zinadai kufungua bodi ya ndani ya mlango. Hapo zima gari, toa waya wa betri upande wa hasi na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kuendelea, ndivyo Toyota inavyoelekeza, kwa sababu magari yenye mifuko ya hewa ya ubavuni yana umeme unaobaki kwa muda. Kama hujawahi kufungua bodi ya mlango, huu ndio mpaka mzuri wa kumpigia fundi simu.

Mpira wa kioo

Huu hauhitaji tepu wala gundi. Umekaa kwenye ukingo wa bati la mlango kwa klipu, na mara nyingi una skrubu moja kwenye ncha.

Shusha kioo chote. Bandika tepu ya karatasi kwenye rangi chini ya mpira, tabaka mbili, kwa sababu hapa ndipo mikwaruzo hutokea. Fungua mlango na utazame ncha iliyo upande wa kitasa. Skrubu ikiwepo utaiona hapo. Itoe. Kisha anza kunyanyua mpira kutoka ncha hiyo kwa kadi au kabari ya plastiki, sentimita chache kwa wakati, ukielekea kwenye saitimira. Kwenye baadhi ya magari ncha ya mbele imeingia chini ya saitimira, na hapo hutafika mbali bila kuilegeza: toa kile kifuniko cha pembetatu ndani ya mlango na utaziona nati zake. Usivute kwa nguvu. Ndani ya mpira mara nyingi kuna bati jembamba, na likipinda mara moja halinyooki.

Ukishika mpira wa zamani mkononi, pitisha kidole kwenye mdomo wake wa ndani, ule unaogusa kioo. Mara nyingi utakuta chembe za mchanga zimejipachika kwenye raba iliyokakamaa. Hizo ndizo zilizochora ile mistari ya wima kwenye kioo chako, kila uliposhusha dirisha kumlipa muuza maji njiani.

Safisha ukingo wa bati kwa brashi, gusia rangi palipokwanguka, kisha anza kuurudisha mpya upande wa saitimira. Ukandamize kwa kiganja kutoka juu mpaka klipu zilie. Ukisukuma na hazilii, usigonge; toa na uangalie kama klipu imelala. Rudisha skrubu, paka mdomo wa mpira maji ya sabuni, na upandishe kioo na kukishusha mara chache. Kikilia sana, silikoni ya kupuliza ya kulainisha mpira inafaa, na hii haihusiani na ile ya mabafu. Grisi usiitie. Inakusanya vumbi.

Limebaki jambo moja ambalo huwasumbua watu bure. Hata mpira ukiwa mpya, maji kidogo yatapita na kuingia ndani ya mlango. Mlango umetengenezwa hivyo. Chini kabisa, kwenye ukingo wa chini, kuna vitundu vya kuyatoa, na adui wake ni tope na, kwenye magari yaliyopita kwa mafundi wenye haraka, silikoni ya kuziba. Vitafute kwa kidole, vizibue kwa njiti au waya laini, kisha mwagia kioo maji kwa kopo polepole ukiwa umechuchumaa unatazama. Yakidondoka chini nje, mlango ni mzima. Yakitokea ndani kwenye zulia, mpira hauna hatia: nailoni iliyobandikwa nyuma ya bodi ya ndani imechanika au imebanduka, na hiyo ndiyo ya kurudishwa.